Bendi ya 5 ilitoka wapi? (Sehemu ya 4)

Tangu niandike kuhusu usaili wa kazi za unesi huku Uingereza, swali linalorudi kila siku ni hili: "Sista, kwenye mkataba wameniandikia Bendi ya 5. Hiyo bendi ni nini, na nani kaamua mimi ni ya 5 na si ya 6?"

Jibu fupi: ni ngazi ya mshahara. Jibu refu ndilo la leo, maana nyuma ya hiyo namba kuna wanawake waliokaa mahakamani miaka. Mlaze mtoto kwanza, mimina chai, halafu tuendelee.

Huduma ya afya ya taifa, NHS, ilianza mwaka 1948. Kwa zaidi ya miaka 50 kila kada ilikuwa na kamati yake ya kujadili mishahara. Manesi na wakunga meza yao, wafamasia meza yao, mafundi yao, wasafishaji yao. Kila meza ilibishana kivyake, na hakuna aliyelazimika kufungua mlango wa chumba cha pili na kuuliza: hivi kazi hii na ile, ukizipima kweli, zinapishana kiasi gani?

Sheria ya malipo sawa ilikuwepo. Ilipitishwa 1970 na kuanza kutumika mwisho wa 1975. Lakini ilikuwa na tundu. Mwanamke aliweza kudai kama anafanya kazi ileile na mwanaume, au kama mwajiri mwenyewe ameshafanya tathmini ya kazi na kukuta hizo mbili zinalingana. Mwajiri asipofanya tathmini? Basi, imeisha hapo. Humlazimishi. Mahakama ya Ulaya ikasema mwaka 1982 kwamba hiyo haitoshi, na kuanzia Januari 1984 mwanamke akaweza kusema: kazi yangu si sawa na ya yule, ila thamani yake ni sawa, ipimeni.

Hapo ndipo anaingia Pamela Enderby. Alikuwa mtaalamu mkuu wa tiba ya usemi katika hospitali ya Frenchay, Bristol. Hao ndio wanaomfundisha mgonjwa wa kiharusi kuongea tena, na wanaomsaidia mtoto aliyechelewa kutamka. Karibu wote walikuwa wanawake. Mwaka 1986 alipeleka madai: yeye analipwa pauni 10,106 kwa mwaka, mwanasaikolojia tiba wa ngazi kama yake pauni 12,527, na mfamasia mkuu pauni 14,106. Ngazi za juu za kada hizo mbili zilikuwa na wanaume wengi zaidi.

Waajiri hawakusema kazi yake ni nyepesi. Walisema: kila kada ilijadiliana kwenye meza yake, na hakuna meza iliyombagua mtu. Ukisikiliza haraka unaweza hata kukubali. Na kweli, hapa Uingereza alishindwa mara mbili. Rufaa ikapelekwa Mahakama ya Ulaya, Luxembourg, na tarehe 27 Oktoba 1993 majaji wakasema kwamba meza kuwa tofauti si sababu tosha. Kama kazi mbili zina thamani sawa, moja ya wanawake karibu wote na nyingine ya wanaume wengi, na mshahara unapishana sana, mwajiri ndiye athibitishe sababu. Mzigo ukahama bega.

Nawaza miaka ile saba. Mtu anatibu wagonjwa mchana, usiku anasoma makaratasi ya wanasheria.

Hakuwa peke yake. Kule Carlisle, kaskazini mwa Uingereza, wanawake wapatao 1,500 wa hospitali, manesi, wasafishaji, wapishi, makarani, walianza madai yao 1997 wakijilinganisha na mafundi wa kiume wa hospitali hiyohiyo, kina fundi seremala. Walilipwa baada ya makubaliano ya 2005. Serikali ilikuwa imeshaona kwamba madai ya namna hii hayataisha, kwa hiyo ikakaa na vyama vya wafanyakazi na kutengeneza kipimo kimoja. Mpango huo unaitwa Agenda for Change, na ulianza nchi nzima Desemba 2004. Uliwahusu watu zaidi ya milioni moja. Madaktari walibaki nje, wana utaratibu wao mpaka leo. (Msiniulize kwa nini, mnajua.)

Sasa kipimo chenyewe. Kinapimwa kiti, si mtu. Kazi inaulizwa mambo 16, kila moja lina alama, na jumla kuu ni 1,000. Elimu na uzoefu ndiyo yenye uzito kupita yote, hadi 240. Kuna mawasiliano, ustadi wa mikono, jukumu kwa mgonjwa, uhuru wa kuamua. Ukijumlisha ukapata kati ya 326 na 395, uko Bendi ya 5. Kuanzia 396 hadi 465, ya 6.

Mimi nilipoisoma orodha mara ya kwanza nilisimama kwenye vipengele vinne vya mwisho: nguvu za mwili, nguvu za akili, mazingira ya kazi, na nguvu za hisia. Hisia, jamani! Kumwambia mama kwamba mapigo ya moyo ya mtoto hayasikiki, kisha ukanawe mikono uingie chumba cha pili kumpongeza mwingine. Kumbe kuna karatasi ya serikali inayosema hiyo ni kazi na ina alama. Zamani iliitwa "moyo wa huruma wa mwanamke", na huruma hailipwi.

Ila nitasema ninavyoona: alama zenyewe ni chache. Kila kimoja kati ya hivyo vinne hakizidi 25, vyote pamoja 100 kati ya 1,000. Wapo wanawake walioupinga mpango huu kwamba bado unabagua, na mwaka 2009 baraza la kazi likaamua haubagui. Sawa, nimeheshimu. Bado 25 naona ni ubahili.

Na mzani unapima kilichoandikwa tu. Mwenzangu mmoja, mama wa watoto wawili, alikuwa mhudumu wa Bendi ya 2. Bendi hiyo ni ya kuogesha, kulisha, kupeleka msalani. Yeye kwa miaka mitatu alitoa damu na kupima sukari na presha, kazi za Bendi ya 3. Alipouliza, akaambiwa maelezo yake ya kazi hayasemi hivyo. Mwaka 2021 mpaka kati ya bendi hizo mbili uliandikwa wazi zaidi, na miaka iliyofuata wahudumu wa hospitali kadhaa waligoma kudai bendi yao na malimbikizo. Mwenzangu alipata Bendi ya 3. Malimbikizo alipewa ya muda mfupi kuliko aliofanya kazi.

Kwa hiyo dada, mkataba ukifika, usiangalie mshahara peke yake. Omba maelezo ya kazi, yasome mstari kwa mstari. Ukishaanza na ukakuta unafanya yasiyoandikwa, weka daftari: tarehe, zamu, ulichofanya. Ongea na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, kisha omba kwa maandishi kazi ipimwe upya. Ni haki yako, huombi hisani.

Sehemu ya 5 ni malipo ya usiku na Jumapili, na nani abaki na mtoto. Maswali yaacheni hapo chini, nikitoka zamu nayajibu.