Waliokataa Kuandamana

Tunapowaona ndugu zetu Wakatoliki wakiandamana barabarani na Ekaristi, tusifanye haraka kucheka. Sikukuu ya Mwili wa Kristo ilianza Liège, katika Ubelgiji ya leo, mwaka 1246, na mwaka 1264 Papa Urban IV akaiagiza kwa Kanisa lote. Maandamano yalifuata baadaye. Mji mzima ulitoka: mapadre, wakuu, na mafundi, kila chama mahali pake. Kadiri mtu alivyokaribia Sakramenti ndivyo heshima yake ilivyozidi, na watu waligombania nafasi hizo. Waligombana mbele ya Bwana aliyeosha miguu!

Basi, kukosekana kwa mtu kulikuwa neno zito. Tarehe 15 Juni 1530 Kaisari Charles V aliingia Augsburg, Ujerumani, akawataka wakuu waliofuata mafundisho ya Luther waandamane naye kesho yake. Walikataa. Hawakumdharau Kristo, waliamini mkate ule umetolewa uliwe, si uzungushwe mjini. Kanuni zetu Waanglikana, kifungu cha 28, zafundisha vivyo hivyo. Kaisari akaandamana bila wao. Hata tarehe 25 Juni, ungamo lao la imani likasomwa mbele yake, kwa Kijerumani.