Pare-feu ni Bawabu

Katika miji ya Butembo na Beni, kompyuta husema Kifaransa. Mfanyabiashara wa Butembo huagiza mashini zake Dubai au Guangzhou, zikashushwa Mombasa, zikavuka Kenya na Uganda hadi mpaka wa Kasindi, na katika safari hiyo ndefu hupita mikononi mwa watu wa lugha nyingi. Lakini zikisha kufika dukani, aghalabu fundi huzigeuza lugha ya kioo iwe Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha aliyofundishwa nayo shuleni, na tangu saa hiyo kijana ambaye nyumbani husema Kinande na sokoni Kiswahili huonywa na mashini yake kwa lugha ya tatu. Miongoni mwa maonyo hayo limo moja ambalo humtokea mtu anapofungua kwa mara ya kwanza mchezo wa mpira au wa vita uchezwao na watu wengi pamoja: kwamba «pare-feu» ya Windows imezuia baadhi ya kazi za programu hii, na chini yake vimewekwa vitufe viwili, kimoja cha kuruhusu na kimoja cha kughairi. Kijana, mwenye haraka ya kucheza na wenzake wakimngoja, hubonyeza kilicho karibu na kidole. Katika kubonyeza huko ndimo yanamotoka mengi ya matatizo ambayo baadaye humfikia fundi, naye fundi huyatengeneza vibaya kwa sababu jina la kitu chenyewe halijamkaa sawasawa akilini.

Tuanze basi na jina. Wasemao Kiingereza, waliotangulia kukiita kitu hiki, walikiita «firewall», na neno hilo walilitoa katika ujenzi: ni ukuta usioshika moto, unaosimamishwa baina ya nyumba na nyumba ili ikiwaka moja, ya jirani isalimike. Moto ulioiteketeza London mwaka 1666 ulifuatwa mwaka wa pili yake na sheria iliyowalazimu wajenzi watumie matofali na mawe badala ya mbao, na kuta za kutenganisha nyumba ziwe na unene uliotajwa. Baadaye wahandisi wa ndege na magari wakalitumia neno hilo kwa bamba la chuma linalotenga injini na mahali wakaapo watu. Na mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati mitandao ya kompyuta ilipoanza kushambuliwa, likahamia huko. Tarehe 2 Novemba 1988 mwanafunzi wa Marekani, Robert Tappan Morris, aliuachilia mnyoo wake, yaani programu ijinakiliyo yenyewe, katika intaneti, na kwa makisio ya wakati ule ukazilemea kompyuta zipatazo 6,000, ilhali intaneti nzima ilikuwa na kompyuta 60,000 hivi; katika miaka hiyohiyo wahandisi wa kampuni ya Digital Equipment wakaeleza namna ya kuzichuja pakiti za data kabla hazijaingia ndani. Kwa watu waliotoka kuona mashini moja ikiiambukiza ya pili na ya pili ikiiambukiza ya tatu, sura ya moto urukao paa kwa paa ilikuwa karibu sana na fikira.

Wafaransa hawakuutafsiri ukuta. Walikuwa na neno lao la misituni, «pare-feu», yaani ule ukanda wa ardhi unaofyekwa na kuachwa mtupu katikati ya msitu ili moto ukifika hapo ukose cha kula. Wakalitwaa hilo, na ndilo lililofika Butembo. Waarabu nao husema «jidar al-himaya», ukuta wa himaya, na himaya ni neno ambalo Mswahili hahitaji kuelezwa. Sisi tulipofika zamu yetu, wengi wetu tulikwenda njia ya mkato tukasema «ukuta wa moto». Tafsiri hii sisisi ina ila ambayo hata mtoto aliyekulia katika Kiswahili huiona akisimama kidogo: ukuta wa mawe umejengwa kwa mawe, ukuta wa udongo umejengwa kwa udongo, basi ukuta wa moto umejengwa kwa moto, nao hauzuii ajali bali ndio ajali yenyewe. Wapo waliolikwepa kosa hilo wakasema «ngome», na neno hili lina heshima yake, maana watu wa pwani waijua ngome ya Mombasa ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na Ngome Kongwe ya Unguja. 

Walakini ngome pia yapotosha. Ngome husimama; haimuulizi mtu jina lake. Mwenye kuifikiria pare-feu kuwa ni ngome au ukuta, mchezo wake ukikataa kuungana na wenziwe, atakuwa na shauri moja tu: kuubomoa. Na hivyo ndivyo ifanywavyo: mtu aingia katika mipangilio, azima pare-feu yote, mchezo wafunguka, kila mmoja afurahi, na mashini yabaki hivyo miezi na miezi.

Neno nililochagua mimi ni la zamani, nalo ni bawabu. Bawabu ni mtu akaaye mlangoni pa jumba, mwenye daftari la amri za bwana wake: fulani aingie, fulani asiingie, na asiyejulikana aulizwe kwanza. Watu wa Butembo wanaye kila penye duka kubwa, nao humwita kwa Kifaransa «sentinelle». Kazi ya programu hii ni hiyo hasa. Kila pakiti ya data huja na anwani ya itokako na nambari ya mlango iutakao, na milango hiyo katika kompyuta moja huhesabiwa kuanzia 0 hadi 65,535; mchezo wa Minecraft ule wa Java, kwa mfano, kwa desturi humsubiri mgeni katika mlango wa 25565. Bawabu hutazama nambari, hutazama programu inayosubiri nyuma ya mlango, kisha hufungua kanuni zake. Katika Windows kanuni ya asili ni kwamba aliye ndani akitaka kutoka hutoka bila swali, na aliye nje asiyealikwa hazuiwi na ukuta wowote bali hukataliwa na amri. Tofauti hiyo ndiyo inayomwongoza fundi, kwa sababu amri iliyoandikwa vibaya huandikwa upya, na hakuna haja ya kumfukuza mlinzi.

Na turudi kwa yule kijana aliyebonyeza kitufe cha kughairi. Yeye hudhani amelifunga tu dirisha lililomsumbua. Kumbe ametoa amri. Windows huandika hapo hapo kanuni ya kuizuia programu ile, na kuanzia siku hiyo haitauliza tena, hata mchezo ufunguliwe mara ngapi. Kosa hili ndilo ninaloliona kuwa zito kuliko yote, kwa kuwa halina alama: mchezo wafunguka vizuri, picha nzuri, sauti nzuri, ila wenzake waliomo katika chumba kimoja, juu ya waya mmoja, hawaoni jina lake. Fundi asiyejua huongeza kanuni mpya ya kuruhusu, na haisaidii kitu, kwani katika daftari la bawabu huyu kanuni ya kuzuia huishinda ya kuruhusu. Sharti ile ya kuzuia itafutwe katika orodha ya kanuni za kuingia, ifutwe, ndipo ruhusa iwe na nguvu. Yako mengine mawili ya jinsi hiyo. Ruhusa hufungamana na mahali programu ilipo, hata mtu akiihamisha folda ya mchezo kutoka diski moja kwenda nyingine, bawabu huiona programu kuwa mgeni mpya. Tena ruhusa hutolewa kwa aina ya mtandao, wa binafsi au wa hadhara, na mashini iliyoungwa na simu ya rafiki au kisambazaji kipya huuhesabu mtandao huo kuwa wa hadhara mpaka iambiwe vinginevyo. Kijana aliyecheza jana bila taabu hushangaa leo, naye hakugusa kitu, ila amebadili simu.

Liko jambo ambalo bawabu hulaumiwa nalo bila ya haki. Mtu wa Beni akitaka kuufungulia mchezo wake milango ili rafiki aliyeko Kampala au Brussels aingie, naye atumia intaneti ya simu, atazima pare-feu, atafungua nambari zote, na rafiki hatafika. Kwa sababu mitandao ya simu aghalabu huwakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja ya hadhara, na pakiti ya mgeni ikifika hapo haijui iende kwa nani kati yao. Hapo hakuna kanuni ya Windows iwezayo kufaa. Dawa ni kutumia seva iliyo nje ambayo wote wawili huiendea, na michezo mingi ya siku hizi hufanya hivyo.

Sasa kuna balaa la pili, ambalo wateja hulichanganya na la kwanza: mashini kuzimika ghafla katikati ya mchezo, au kuganda, au kuonyesha kile kioo cha buluu kiitwacho «écran bleu». Kwa lugha ya mafundi wa kule mashini «imeplanta», na mwenye nayo husimulia yote kwa pumzi moja, pare-feu na kuzimika, kama kwamba ni jambo moja. Aghalabu si moja. Bawabu akimkataa mgeni, mgeni hukosa kuingia, basi, nyumba haianguki. Mashini ikianguka, sababu itafutwe ndani, na mahali pa kwanza pa kuitafuta ni daftari ambalo Windows huliandika yenyewe, liitwalo kwa Kifaransa «Observateur d'événements». Humo, chini ya mfumo, kuna tukio la nambari 41, Kernel-Power, lisemalo kwamba mashini imewaka upya pasipo kuzimwa kwa taratibu. Na ndani ya tukio hilo mna nambari ya kosa. Ikiwa nambari hiyo ni sufuri, maana yake Windows haikupata hata nafasi ya kuandika ilichokiona, na hapo mkono wa fundi uende kwenye umeme na joto kabla ya programu: Butembo ni mji uliozoea jenereta na paneli za jua kwa miaka mingi, na mchezo mzito huifanya mashini ivute umeme kupita kazi ya ofisini, hata kifaa cha umeme kilichochoka kikashindwa, au feni iliyojaa vumbi jekundu la kiangazi isiweze tena kuipoza. Ikiwa nambari si sufuri, basi aghalabu kuna kiendeshi, yaani programu iongozayo kifaa fulani, kilichokosea, na vinavyokosea zaidi wakati wa mchezo ni vya kadi ya picha.

Michezo imeleta kiendeshi cha aina nyingine pia. Baadhi ya michezo ya mashindano huja na programu ya kuwakamata wadanganyifu, nayo hukaa katika kiini cha mfumo, mahali ambapo programu ya kawaida hairuhusiwi kukanyaga. Kosa dogo mahali hapo haliangushi programu moja. Huangusha mashini nzima. Dunia iliona nguvu ya kosa la namna hiyo tarehe 19 Julai 2024, wakati sasisho lenye hitilafu la kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike, ambalo halikuhusu michezo hata kidogo, lilipoziangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, na baadhi ya viwanja vya ndege vikaandika majina ya abiria kwa kalamu.

Hata hivyo ipo njia moja ambamo mabalaa haya mawili hukutana, na ndiyo inayonifanya nilishikilie neno langu. Michezo mingi iliyoko katika kompyuta za vijana wa Butembo na Beni haikununuliwa. Imenakiliwa kutoka diski hadi diski, kufuli zake zimevunjwa, na ndani ya folda mna karatasi ya maelezo inayomwagiza mtumiaji azime ulinzi wote na pare-feu kabla ya kuanza. Yeyote aliyekuwa na Windows XP mwezi wa Agosti 2003 aweza kueleza matokeo ya mlango usio na mlinzi: mnyoo wa Blaster uliingia kwa mlango wa 135 bila ya mtu kubonyeza chochote, na mashini ikatangaza kwamba itajizima baada ya sekunde 60, ikawaka, ikatangaza tena. Windows XP ilikuwa na bawabu tangu mwaka 2001, lakini ilitolewa ilhali yeye amelala. Ni baada ya msiba huo, katika sasisho la Agosti 2004, ndipo Microsoft ilipoamua aamke mwenyewe kila mashini iwakapo. Mwezi wa Mei 2017 mnyoo wa WannaCry ukapita mlango wa 445 kwa namna ileile, na mafaili ya watu yakafungwa kwa fidia. Yule anayesema mashini yake huzimika kwa sababu ya pare-feu huenda akawa ameligeuza jambo juu chini: huzimika kwa sababu aliizima pare-feu.

Nawaomba walimu wa informatiki wa Université Catholique du Graben ya Butembo, na wa chuo cha lugha mbili cha UCBC kule Beni, ambako Kifaransa na Kiingereza hufundishwa bega kwa bega, waandike ubaoni neno la tatu kando ya «pare-feu» na «firewall»: bawabu wa mtandao, vitenzi vyake kuruhusu na kukatalia, na kila amri yake iitwe kanuni. Na wewe msomaji uliyeizima pare-feu kwa ajili ya mchezo, ingia katika mipangilio yake leo, bonyeza palipoandikwa kurejesha hali ya asili, kisha fungua mchezo wako upya. Utakapoulizwa, soma kwanza, na ujibu kwa programu hiyo moja.