Darubini ya bunduki na somo la vipimo

Naandika kutoka Munyaka, Eldoret. Mji wetu una kiwanda cha risasi cha Kenya Ordnance Factories, shirika lililoundwa 1997. Leo lakini nazungumzia kishikizo, kile chuma kinachofunga darubini kwenye bunduki. Mimi ni mtu wa programu, na historia yake naiona kama ya kompyuta.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walifunga darubini upande wa kushoto wa bunduki ya Lee-Enfield, ili juu pabaki wazi pa kuingizia risasi. Mlengaji akabaki kupinda shingo. Mwaka 1942 ikaja No. 4 (T): kila bunduki iliandikwa namba ya darubini yake. Ukiipoteza yako, huwezi kuazima ya mwenzako tu ukapiga shabaha ile ile.

Dawa ilikuwa kukubaliana vipimo. Mwaka 1995 jeshi la Marekani liliidhinisha reli ya Picatinny, yenye mifereji ya upana wa milimita 5.23. Mifereji ya Weaver, reli ya zamani, ni myembamba zaidi. Hivyo kishikizo cha Weaver kwa kawaida huingia kwenye Picatinny, ila cha Picatinny mara nyingi hukataa kwenye Weaver. Si tunayajua haya? Faili la programu ya zamani hufunguka kwenye mpya; kinyume chake ni taabu.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977, kwa hiyo wengi wetu hatutafunga darubini kamwe. Lakini somo ni letu pia: usichague kwa sura, soma kipimo kwanza.