Darasa zima, programu moja: historia ya mradi wa pamoja vyuoni

Oktoba 1968, wataalamu zaidi ya 50 kutoka nchi 11 walikutana Garmisch, mji wa milimani kusini mwa Ujerumani, katika mkutano ulioandaliwa na kamati ya sayansi ya NATO. Kilichowakutanisha kilikuwa hofu. Programu za kompyuta zilikuwa zinazidi kuwa kubwa, na walioziandika walikuwa wanashindwa kuzimaliza. Kazi zilichelewa, fedha ziliisha kabla ya wakati, na kilichomfikia mteja kilijaa kasoro. Mkutano huo ndio uliolipa umaarufu jina la uhandisi wa programu.

Baada ya Garmisch lilibaki swali la walimu. Vyuo vikuu vilijua kumfundisha kijana mmoja aandike programu ndogo peke yake, aikabidhi, apewe alama, kisha aisahau. Kufundisha watu arobaini wajenge kitu kimoja, hakuna aliyekuwa na uzoefu huo. Jibu limetafutwa kwa zaidi ya nusu karne, na waliolitafuta wametuachia mafunzo ambayo vyuo vyetu vinayahitaji leo.

Kilichojulikana IBM

Anayestahili kutajwa mwanzo ni Fred Brooks. Aliongoza ujenzi wa OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta za System/360 ambazo IBM ilizitangaza Aprili 1964. Kazi ilipopamba moto ilikuwa na watu zaidi ya 1,000, na kwa makadirio yake mwenyewe ilimeza takriban miaka-kazi 5,000 kati ya 1963 na 1966. Hata hivyo ilichelewa. Katikati ya miaka ya 1960 Brooks aliondoka kwenda Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, akaanzisha idara ya sayansi ya kompyuta. Mwaka 1975 alitoa kitabu chake, The Mythical Man-Month.

Hoja yake kuu iliwashangaza mameneja: mradi uliochelewa ukiongezewa watu, unachelewa zaidi. Mimba huchukua miezi tisa, alieleza, hata ukiwapa kazi hiyo wanawake wangapi. Wageni lazima wafundishwe na wale wale waliokuwa wakifanya kazi, na kila anayeongezeka anaongeza njia za mawasiliano. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Watu 3 wana njia 3 za kuzungumza wawili wawili. Watu 10 wana njia 45. Watu 50 wana njia 1,225. Chapel Hill, Brooks aliendesha kwa miaka mingi kozi ambayo timu za wanafunzi zilijenga programu kwa ajili ya wateja halisi. Alijua kwamba hesabu hiyo haiingii kichwani kwa kuisoma ubaoni. Mwanafunzi sharti aionje.

Kununua kazi ya mwenzako

Mapema miaka ya 1970, David Parnas, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, alifundisha kwa njia iliyokuwa ngeni. Aligawa mfumo mmoja katika moduli, akawapa wanafunzi maelezo makini ya kila moduli inapaswa kufanya nini, na kila mmoja akaandika yake bila kuona ndani ya kazi ya wenzake. Kisha moduli za watu tofauti ziliunganishwa. Aliyefuata maelezo, kazi yake ilikaa mahali pake. Aliyejiamulia mambo aliyaharibu kwa wote. Mwaka 1972 Parnas alichapisha makala juu ya namna ya kugawa mfumo katika moduli, ambayo mpaka leo husomeshwa duniani kote.

Toronto, James Horning na David Wortman walilisogeza wazo hilo mbele kwa mchezo walioueleza kwa maandishi mwaka 1977, wakauita Software Hut. Kila kikundi darasani kiligeuka kampuni ndogo ya programu, yenye fedha za kimchezo na lengo la kupata faida. Kikundi kiliandika sehemu yake ya mfumo, kikauza, kisha kikaingia sokoni kununua sehemu zilizoandikwa na wengine. Baadaye kililazimika kuibadilisha kazi hiyo iliyonunuliwa ili ikidhi mahitaji mapya. Hapo ndipo moduli iliyoandikwa kwa haraka, isiyo na maelezo, ilipomgharimu aliyeinunua, na sifa ya aliyeiuza ikashuka.

Mchezo huo uligusa pengo kubwa. Sehemu kubwa ya maisha ya mwandishi wa programu kazini ni kurekebisha kazi aliyoikuta, iliyoandikwa na mtu ambaye pengine ameshaondoka. Mwanafunzi anayeandika na kutupa hakutani na jambo hilo hata siku moja mpaka aajiriwe.

Mwalimu, wanafunzi wawili na saa zisizolingana

Wakati mwingine matatizo ya kufanya kazi pamoja chuoni yamezaa vifaa vilivyotumiwa na dunia nzima. Kati ya 1984 na 1985, Dick Grune wa Vrije Universiteit mjini Amsterdam alikuwa akishirikiana na wanafunzi wake wawili kuandika kompaila ya lugha ya C. Ratiba zao hazikuafikiana. Mwanafunzi mmoja alifanya kazi saa za ofisi, mwingine hakuwa na saa maalumu, na mwalimu mwenyewe alipata nafasi jioni tu. Mifumo ya kutunza matoleo iliyokuwepo ilimtaka mtu alifunge faili analolifanyia kazi, na wenzake wasubiri mpaka alifungue.

Grune aliandika programu ndogo zilizowaruhusu wote watatu kubadilisha faili moja kwa wakati mmoja, kisha mabadiliko yao yaunganishwe. Aliziweka hadharani mwaka 1986. Huo ndio mwanzo wa CVS, mfumo ambao kwa miaka mingi ulibeba miradi mikubwa ya programu huria. Hata Git, mfumo mwingine wa kutunza matoleo, iliyoandikwa na Linus Torvalds mwaka 2005 na ambayo leo ni mkate wa kila siku wa waandishi wa programu, imekuja kutatua tatizo la aina hiyo hiyo.

Pittsburgh: darasa lageuka kampuni

Miaka ya 1980 ilipokaribia kwisha, Carnegie Mellon ilikuwa kitovu cha mjadala huu. Taasisi ya Uhandisi wa Programu ilianzishwa hapo mwaka 1984, na mwaka 1987 James Tomayko alitoa ripoti kupitia taasisi hiyo akieleza hatua kwa hatua jinsi ya kuendesha kozi ambayo mradi ndio uti wa mgongo wake.

Aliyethubutu kulichukua darasa zima na kulipa kazi moja ni Bernd Bruegge, Mjerumani aliyefundisha chuoni hapo. Badala ya kuwagawa wanafunzi katika vikundi vidogo vinavyofanya kazi ile ile kila kimoja kivyake, aliwapa makumi ya wanafunzi mfumo mmoja na mteja mmoja wa kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walijenga FRIEND, mfumo wa kusimamia ajali na dharura, na mteja wao alikuwa mkuu wa polisi wa Bellevue, mji mdogo jirani na Pittsburgh. Askari akiwa eneo la moto angetuma taarifa, na aliyeko kituoni angegawa magari na watu. Wanafunzi walilazimika kumsikiliza askari, mtu asiyejua lugha yao ya kompyuta, mpaka waelewe anachohitaji hasa.

Tuangalie kikao kimoja cha timu katika kozi hiyo ya Bruegge. Ajenda imetolewa mapema. Mmoja anaongoza, mwingine anaandika kumbukumbu, wa tatu anachunga muda. Kila jambo lililoamuliwa linaandikwa pamoja na jina la atakayelifanya na tarehe ya kulimaliza, na kikao kinachofuata kinaanza kwa kukagua orodha hiyo. Timu moja inashughulikia kanzidata, nyingine kinachoonekana kwenye skrini, nyingine mtandao. Kila timu inatoa mjumbe wa kukaa katika timu ya usanifu, ambako ndiko inakoamuliwa sehemu hizo zitakutana vipi. Kwa utaratibu huo zile njia 1,225 za Brooks zinapungua, kwa sababu si kila mtu anapaswa kuzungumza na kila mtu.

Bruegge na mwenzake Allen Dutoit walifanya pia utafiti kuhusu madarasa hayo. Katika makala yao ya 1998 walichambua ujumbe ambao wanafunzi walikuwa wakiandikiana, wakaonyesha kwamba mazungumzo ya timu yanaweza kueleza hali ya mradi hata pale ambapo msimbo wenyewe bado hausemi kitu.

Munich, na tatizo la alama

Mwaka 1997 Bruegge alihamia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich na kuendelea na kazi hiyo. Kwa kozi iitwayo iPraktikum, iliyoanza mwaka 2008, hadi wanafunzi 100 kwa muhula wamekuwa wakigawanywa katika timu, kila timu na kampuni yake ya kuitengenezea programu ya simu. Timu hutengeneza filamu fupi ya kumwonyesha mteja programu itakavyotumika, ili kutoelewana kujitokeze mapema. Wanafunzi waliopita kozi hiyo wengine hurudi kuwa walezi wa timu mpya. Bila walezi hao, mhadhiri mmoja hawezi kuwafuatilia vijana mia.

Urithishaji wa aina hiyo uko kwingineko pia. Mwaka 1995 Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kilianzisha mpango wa EPICS chini ya Edward Coyle na Leah Jamieson. Humo wanafunzi wa miaka tofauti huhudumia mashirika ya kijamii, na mtu anaweza kubaki katika timu mihula kadhaa. Mradi haufi likizo inapofika, kwa sababu wakongwe wanawarithisha wapya.

Alama ndizo zimeleta malalamiko kila mahali. Ukiwapa wote alama moja, mzembe anabebwa. Ukimpima kila mtu peke yake, unaua ushirikiano uliotaka kuufundisha. Walimu wengi wameishia katika mchanganyiko: alama ya timu, tathmini ya siri ambayo wanatimu hupeana, kumbukumbu za mfumo wa matoleo zinazoonyesha nani alifanya nini na lini, na maswali ya ana kwa ana. Hakuna njia iliyokamilika, lakini ugumu wa kugawa alama si sababu ya kuliacha somo lenyewe. Uzito wa somo hilo unaonekana katika miongozo ya mitaala ya uhandisi wa programu iliyotolewa na mashirika ya kitaaluma ya ACM na IEEE mwaka 2004, ambayo ilipendekeza mradi wa kuhitimu uchukue mwaka mzima wa masomo.

Sisi na somo hili

Afrika Mashariki tayari ina kiungo na historia hii. Mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2, ambao Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011 na ambao Tanzania pia inautumia, unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na wanafunzi wa huko wameutumia kama uwanja wa miradi ya vikundi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina maabara yake ya DHIS2. Takwimu za zahanati zetu zinapita katika programu iliyokuzwa na chuo.

Hata hivyo, katika vyuo vyetu vingi mradi wa mwaka wa mwisho bado hufanywa na mwanafunzi peke yake au na wenzake wachache. Hutetewa mbele ya jopo, hufungwa kwenye jalada na kuwekwa kabatini. Kijana anahitimu bila kurekebisha kazi ya mtu mwingine, bila kukaa na mteja anayebadilisha mawazo, bila kuandika kumbukumbu za kikao ambazo mtu mwingine atazitegemea.

Historia hii inaonyesha kwamba ukubwa wa darasa, ambao wahadhiri wetu huulalamikia, ndio nyenzo ya somo. Wanafunzi 80 ni wengi mno kwa miradi 80 inayosimamiwa na mhadhiri mmoja. Kwa mfumo mmoja wa hospitali ya wilaya, wenye timu nane, mteja anayejulikana kwa jina na walezi waliotoka darasa la mwaka uliotangulia, idadi hiyo inafaa. Wakuu wa idara za kompyuta wasisubiri vifaa vipya wala ufadhili. Waanze mwaka ujao wa masomo kwa darasa moja, mradi mmoja na mteja mmoja wa kweli, na mwaka unaofuata darasa jipya liendeleze mfumo huo huo.