Laptopu ya inchi 7: ilivyopanda na ilivyoanguka

Msimu wa bumu umekaribia, na wadogo zangu wa Nambis, kule Mbulu, wanaoanza chuo mwaka huu wana swali moja tu: "Dada, tununue laptopu gani ya bei poa?" Leo nawajibu kwa historia kidogo, vumilieni.

Tuanzie 2005. Jamaa mmoja wa Marekani, Nicholas Negroponte, alitangaza mpango wa laptopu ya dola 100 kwa watoto wa nchi maskini. Ilipotoka 2007 kioo chake kilikuwa inchi 7.5, na bei imeshafika karibu dola 200. Hata hivyo makampuni yalizinduka: kumbe wanaotaka kitu kidogo cha bei nafuu wapo!

Oktoba 2007 Asus wakaleta Eee PC. Kioo inchi 7, uzito chini ya kilo moja, na ile ya GB 4 Marekani ilikuwa dola 399. Kabla ya hapo laptopu nyepesi ilikuwa mali ya mabosi, zaidi ya dola 1,000. Watu wakaigombania kweli kweli.

Sasa hapa ndipo mambo yalipogeuka. Watu walipozoea bei, wakaanza kulalamikia kioo. Upana wake ulikuwa nukta 800, wakati kurasa nyingi za intaneti zilitengenezwa kwa nukta 1,024. Unasoma huku unasukuma ukurasa kushoto na kulia. Mwaka 2008 Asus wakapanda hadi inchi 8.9, kisha 10; Acer nao wakaingia na Aspire One. Kufikia 2009 inchi 10 ndiyo ilikuwa kawaida. Lakini bei nayo ikapanda, huku laptopu kubwa zikishuka, mpaka zikakaribiana. Mwaka 2010 iPad ikawachukua waliotaka kuangalia tu bila kuandika. Mwisho wa 2012 Asus na Acer wakaachana nazo.

Kwa hiyo, jamani, bei ilileta wateja, ila kioo kidogo kiliwashinda kukitumia.

Sisi watu wa ualimu tulielewe hili zaidi. Azimio la kazi ni jedwali pana lenye safu kibao. Ukilifungua kwenye kioo kidogo, ama maandishi yanakuwa kama sisimizi, ama unaona nusu tu.

Bahati nzuri siku hizi kuna mitumba. Ofisi za Ulaya na Marekani hubadilisha mashine zao baada ya miaka michache, ndiyo maana mnaziona HP EliteBook 840 na Dell Latitude za inchi 14 zimejaa madukani. Ni kioo cha kufanyia kazi kwa bei ambayo mwanafunzi anaweza kujipanga.

Basi wadogo zangu, msiulize bei peke yake. Fungueni jedwali palepale dukani, mlisome, pimeni betri, ndipo mtoe hela. Bumu halirudi mara mbili!

Nawasilisha.