Kinanda hukamilishwa na mpigaji

Tunapokisikia kinanda cha umeme kanisani, ni vema tukumbuke kwamba sauti yake haikuamuliwa na kiwanda peke yake.

Mwaka 1935, huko Chicago, Marekani, mhandisi Laurens Hammond alianza kuuza kinanda cha umeme. Yeye mwenyewe hakuwa mwanamuziki. Aliyalenga hasa makanisa yasiyoweza kumudu kinanda kikubwa cha mabomba.

Lakini wapigaji walikuwa na masikio yao. Don Leslie wa California hakuridhika na sauti ile, akatengeneza spika yenye tarumbeta linalozunguka, ili sauti itetemeke na kuujaza ukumbi. Kampuni ya Hammond iliikataa. Hata hivyo wapigaji wa nyimbo za injili na wa jazi waliipokea, na vyombo hivyo viwili vikawa pete na kidole. Mwaka 1980 kampuni iliyoikataa ndiyo iliyoinunua.

Tena, kila kibonyezo kilipoguswa kilitoa mlio mdogo wa kugonga. Wahandisi waliuhesabu kuwa kasoro. Wapigaji wa jazi wakaupenda, kwa kuwa uliutia nguvu mdundo. Leo vinanda vya kidijitali vinavyoiga Hammond huutoa mlio huo kwa makusudi.

Historia hii yatufundisha kwamba mtengenezaji huianza kazi, na mtumiaji huikamilisha. Basi nasi, tunapoinunulia kwaya chombo, je, twamwuliza kwanza yule atakayeketi mbele yake kila Dominika?