Mzingile: Ariadne Alijua Siri

Katika visa vya Wagiriki wa kale, Theseus aliingia kwenye mzingile wa kisiwa cha Krete akamuua Minotauri, zimwi lenye kichwa cha fahali. Upanga ulitosha kuua. Kutoka kulikuwa shughuli nyingine, na hapo aliokolewa na Ariadne, binti mfalme, aliyempa donge la uzi la kufungulia njiani.

Ajabu ni kwamba sarafu za Knossos, mji wa kisiwa hicho, zinaonyesha mzingile wa njia moja tu, inayojipindapinda hadi katikati. Ndivyo ulivyo pia ule wa sakafuni katika kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, wa mwanzoni mwa karne ya 13. Asiye na njia panda hapotei; huchoka tu.

Wa kupoteza watu ni kama ule wa Hampton Court, Uingereza, uliopandwa miaka ya 1690 kwa kuta za miti iliyopogolewa. Dawa yake ni nyepesi: gusa ukuta kwa mkono mmoja, utembee bila kuubandua. Lakini mkono huo husaidia pale tu kuta zinapoungana. Huko Chevening, pia Uingereza, katika miaka ya 1820, ulipandwa mzingile wenye kuta zilizojitenga kama visiwa. Anayeshika ukuta wa nje huuzunguka, akarudi mlangoni bila kufika katikati.

Mwaka 1882 Mfaransa Édouard Lucas alichapisha kanuni ya mhandisi Trémaux. Tia alama kila njia unayopita. Ukifika kwa njia mpya kwenye njia panda uliyokwisha kuiona, geuka urudi ulikotoka. Ukiwa unarudi, chagua njia isiyo na alama. Ikikosekana, yenye alama moja. Yenye mbili usiiguse tena. Kutoka ni hakika, na hakuna njia utakayoipita zaidi ya mara mbili.

Je, anayebahatisha? Penye njia panda 10 mfululizo, kila moja ikiwa na njia mbili na sahihi ikiwa moja, nafasi ya kupita zote bila kosa ni 1 kati ya 1,024. Tuseme mzingile una njia panda 20 zilizounganishwa na vijia 30. Hesabu iliyothibitishwa mwaka 1979 inampa mbahatishaji wastani usiozidi vijia 1,140 hadi afike kila njia panda. Wa Trémaux hapiti zaidi ya 60. Chaki tu ndiyo iliyowatenganisha.

Mwaka 1950 Mmarekani Claude Shannon aliunda panya wa mashine aliyejifunza njia katika mzingile wa miraba 25. Mara ya kwanza alipapasa na kugonga kuta. Akirudishwa, alikwenda moja kwa moja. Panya mwenyewe hakukumbuka kitu: kumbukumbu ilikuwa kwenye swichi za umeme zilizofichwa chini ya sakafu. Shannon alimwita Theseus. Kwa haki, zile swichi zilistahili kuitwa Ariadne.